Lumbesa ya Mtandao

Kijana amekaa kwenye benchi la steshenari tangu saa tatu asubuhi, magotini ana bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Anaomba mkopo wa elimu ya juu, na maombi hayo siku hizi hupita mtandaoni, kwa hiyo kila kiangazi steshenari ndogo kama hii ya Haneti hujaa waliomaliza kidato cha sita. Dada mwenye duka ameskani karatasi zote, zikawa faili moja la MB 6, akabonyeza kitufe cha kupandisha, na sasa wote wawili wanatazama kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha kompyuta. Nje upepo unaleta vumbi jekundu hadi kizingitini.

"Dada, si ulisema mtandao wako una spidi ya nane?" kijana anauliza. "Faili langu ni MB sita tu. Sita kwa nane, hata sekunde haifiki. Mbona bado?"

Swali hilo nimelisikia katika maduka mengi, na mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili: mtandao unasumbua. Safari hii nataka lijibiwe. Kwa hiyo nimepanga baraza mbele ya steshenari hii na kuwapa nafasi watu ambao ukipita vijiji vya Chamwino huwakosi, kila mmoja kwa sauti ya kazi yake. Yupo mwalimu mstaafu wa hisabati. Yupo mzee aliyekuwa karani wa mizani wa ushirika, sasa ananunua alizeti na mtama. Yupo fundi wa minara aliyesimama kununua maji ya kunywa. Na atafika mchimbaji mdogo wa krisopraze, yale mawe ya kijani yaliyolipeleka jina la Haneti kwa wanunuzi wa vito wa mbali.

MWALIMU: Mwanangu, kugawanya unajua, ila umegawanya vitu visivyofanana. Faili lako ni megabaiti 6. Ile spidi ni megabiti 8 kwa sekunde. Ndani ya baiti 1 mna biti 8. Kwa hiyo zidisha kwanza: 6 mara 8, megabiti 48. Sasa gawa kwa 8.

KIJANA: Sekunde 6. Lakini Mwalimu, zimeshapita 40.

DADA: Kwa sababu ile 8 ni ya kushusha. Kupandisha kuna njia yake, na ni nyembamba. Nimepima nilipofungua duka: 0.8. Megabiti 48 ukigawa kwa 0.8 unapata sekunde 60, hapo kama hakuna simu nyingine inayovuta laini hii, na kama hatuhesabu biti za bahasha.

KIJANA: Bahasha gani tena?

DADA: Data haisafiri uchi, mdogo wangu. Hukatwa vipande, kila kipande kikapewa anuani ya kinakotoka na kinakokwenda. Anuani nazo ni biti, zinapita njia ileile.

Faili likafika. Dakika moja na sekunde kama kumi hivi. Kijana akashusha pumzi, na hapo ningeweza kufunga daftari langu, kwa sababu jibu limepatikana. Lakini mzee aliinua mkono.

MZEE: Ngojeni kwanza. Mtoto kaja hapa akiamini haifiki sekunde 1. Mwalimu kamwambia 6. Dada kamwambia 60. Na wote mnakubaliana kwamba namba aliyoambiwa haikuwa ya uongo. Mimi nimekaa kwenye mizani miaka mingi. Hiki kitu nakijua. Hii ni lumbesa.

Kwa msomaji aliyekulia mjini, lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Linajazwa, linatikiswa ili nafaka ishuke, linajazwa tena, kisha juu linashonewa kofia ya gunia jingine kwa kamba ya katani, nayo kofia hiyo inajazwa. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataa mzigo wa mazao unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamezunguka masokoni miaka na miaka kupigana na jambo hilo. Mzee ameyaona kwa macho yake. Anasema mkulima aliyetoka shamba na njaa hajui kilo alizotoa. Anajua amejaza magunia matano.

MZEE: Gunia ni jina, si kipimo. Na hiyo mega yenu naiona kama gunia. Mnasema mega, mtoto anasikia mega. Ndani ya moja mmetia biti, ndani ya nyingine mmetia baiti, yaani mara nane. Halafu bando mnamuuzia kwa baiti, spidi mnamtangazia kwa biti.

FUNDI: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba mwanangu. Sema.

FUNDI: Mzee wangu, hapa hajaibiwa mtu. Biti haikuletwa ili namba ionekane kubwa. Njia ya mawasiliano tangu zamani ilipimwa hivyo, kwa sababu kwenye waya alama hupita moja baada ya nyingine: ipo, haipo, ipo, haipo. Miaka ya 1870 Émile Baudot, fundi wa simu za maandishi wa Ufaransa, alitengeneza mfumo ambao kila herufi ilikuwa alama tano. Kutoka jina lake tukapata baudi, yaani alama ngapi kwa sekunde. Mwaka 1948 Claude Shannon akaandika ile makala yake kuhusu nadharia ya mawasiliano, akatumia neno biti, akasema amelipata kwa mwenzake John Tukey. Baiti imekuja baadaye, mwaka 1956, kwa Werner Buchholz wa IBM, na haikuja kwa ajili ya njia. Ilikuja kwa ajili ya ghala: kompyuta ilitaka kifungu cha biti cha kuwekea herufi moja. Kwa hiyo mtu wa njia anahesabu biti, mtu wa ghala anahesabu baiti. Barabarani unahesabu magari, godauni unahesabu magunia. Nani kakosea?

MWALIMU: Hajakosea mtu, ila mteja wenu anasimama mlangoni, kati ya barabara na godauni. Yeye ndiye anayelazimika kubadilisha hesabu, na alama mliyomwekea ni ukubwa wa herufi moja: b ndogo kwa biti, B kubwa kwa baiti. Nimeona matangazo yameandikwa herufi kubwa tupu. Ukiandika yote kwa herufi kubwa umeifuta alama yenyewe. Mtoto wa darasa la nne angeniandikia sentimeta mahali pa mita ningemkata maksi zote.

Hapa nasimama upande wa mwalimu bila kusitasita. Historia ya fundi ni ya kweli na inapendeza, lakini inaeleza namna wahandisi wanavyozungumza na wahandisi wenzao. Mzee alitoa mfano uliobaki kichwani mwangu. Anakumbuka simu za maandishi za posta, zile ulizokuwa ukilipia kwa neno. Ulikaa nje ukaandika, ukahesabu, ukafuta "mpendwa", ukafuta "salamu", ukabakiza BABA MGONJWA NJOO UPESI. Maneno manne. Karani wa dirishani naye alihesabu manne. Ndani ya waya zilipita alama zilizopita, hiyo ilikuwa shughuli ya posta. Kipimo cha bei kilikuwa kitu ambacho mlipaji angeweza kukihesabu kwa kidole, na hata asiyejua kusoma aliweza kumwomba mjukuu amhesabie.

"Mbukwenyi!"

Ni mchimbaji, anaingia na kikoba kiunoni. Waliokaa wakaitika. Amekuja kutuma video ya jiwe kwa mnunuzi aliye Arusha, na alipoelezwa kinachojadiliwa alifungua kikoba, akatoa kipande cha krisopraze kilicholoweshwa maji ili rangi itokee, akakiweka kwenye meza ya dada. Kijani kama tufaha bichi. Nikeli ndiyo inayokipa rangi hiyo.

MCHIMBAJI: Sisi mambo hayo tumeyazoea. Jiwe likishakatwa linauzwa kwa karati. Karati 5 ni gramu 1. Lakini nenda kwa sonara, atakwambia dhahabu ya karati 18. Hapo hazungumzii uzito, anazungumzia usafi: sehemu 18 kati ya 24 ndizo dhahabu. Neno moja, vipimo viwili. Mgeni asiyejua ataliwa, ndiyo, lakini ataliwa mara moja. Akishajua amejua. Mimi naona tufundishane tu, tusisumbue wenye mitandao.

MWALIMU: Kufundishana nakubali. Tena kwa lugha yetu hesabu hizi zinafundishika vizuri. Bibi zetu walijua vibaba vinne ni pishi moja bila kwenda shule.

FUNDI: Na wengi wangeshangaa wakijua kwamba wanalipia biti kila siku bila kuziita hivyo. Chukua ujumbe mfupi wa simu. Kwa nini una herufi 160? Ujumbe mmoja umetengewa baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida kwenye simu zinabebwa kwa biti 7, siyo 8. 1,120 gawa kwa 7, unapata 160. Sasa mzee, wewe unaandikia watu habari za mnadani?

MZEE: Kila wiki.

FUNDI: Basi sikiliza. Ukiandika ng'ombe kwa kile kialama kilichonyooka cha zamani, kimo ndani ya orodha ya herufi za simu, ujumbe wako unabaki na nafasi 160. Lakini kibao cha simu nyingine kikikuwekea kile kialama kilichopinda, hakimo kwenye orodha. Simu inalazimika kuuandika ujumbe wote kwa biti 16 kila herufi. Nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja unaweza kukatwa kuwa mbili au tatu, na unalipia mbili au tatu, kwa sababu ya ng'ombe mmoja.

Mzee alitoa simu yake na kutaka kuonyeshwa palepale. Fundi akaandika neno lile mara mbili, akamsogezea kioo karibu na uso. Vialama viwili, kimoja kama msumari, kingine kama mkia wa mbuzi. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Nadhani hakuna aliyemweleza jambo hilo katika miaka yote ya kutuma habari za bei za mifugo, na mimi mwenyewe, ninayeandika Kiswahili kila siku, nilipolijua nilirudi kusahihisha kibao cha simu yangu.

Dada alikuwa na kesi yake nyingine ya vipimo, nayo inahusu flashi. Mteja ananunua flashi iliyoandikwa GB 64. Anaichomeka kwenye kompyuta, inasoma 59 na kitu. Anarudi dukani amenuna: umeniuzia feki.

MWALIMU: Hiyo nayo ni mega mbili ndani ya jina moja. Kilo maana yake 1,000. Ndivyo ilivyo kwa gramu, ndivyo ilivyo kwa mita. Watu wa kompyuta waliona 1,024 iko karibu na 1,000 na inawafaa kwa sababu wao huhesabu kwa mbili-mbili, wakaiita kilo vilevile. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ikaleta majina mengine, kibi na mebi na gibi, kwa ajili ya hesabu ya 1,024. Mwenye kiwanda cha flashi anahesabu kwa 1,000, kompyuta yako inahesabu kwa 1,024, na jina limebaki GB kote. Gawa bilioni 64 kwa 1,024 mara tatu, utapata 59.6. Flashi si feki.

DADA: Na kwenye bando je? GB 1 ni MB 1,000 au 1,024?

Swali hilo linagusa pesa. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iliwahi kutangaza bei elekezi ya data kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB. Chukua zile MB 24 zinazobishaniwa: ni kati ya shilingi 49 na 224 kwa kila GB. Ni kidogo kwa mtu mmoja. Lakini angalia jambo ambalo bei hiyo inaonyesha: MB ina bei, imeandikwa hadi senti, na mdhibiti ameitaja kwa shilingi. Tuseme data ni maji: mlipaji anajua amenunua kiasi gani. Unene wa bomba na nguvu ya msukumo wake, hilo anakuta mwenyewe akishafungua.

MCHIMBAJI: Mimi bomba nimelikwepa. Video zikiwa nyingi sitaki hata kuhangaika. Naweka kwenye flashi, nampa kondakta wa basi, jamaa yangu anaipokea Dodoma mjini na kuituma kutoka huko.

Mwalimu akaomba kalamu. Flashi ya GB 64 iliyojaa, alisema, ina megabiti 512,000. Tuseme basi linachukua saa 2 kufika mjini pamoja na kushusha na kupakia abiria. Hizo ni sekunde 7,200. Akagawa kwenye ukingo wa gazeti. Megabiti 71 kwa sekunde. Akazungusha duara kwenye jibu na kulisukuma mbele ya fundi.

FUNDI: Ni kweli. Basi limeushinda mnara. Lakini mwambie kondakta akupigie simu ya sauti kwa njia hiyo. Unasema "halo", jibu linarudi baada ya saa 4. Ndiyo maana namba moja haitoshi kueleza mtandao. Kuna upana wa njia, na kuna kuchelewa. Kuchelewa tunakupima kwa milisekunde, elfu moja ndani ya sekunde. Sauti ya simu ya kawaida ya GSM haihitaji upana: kilobiti 13 kwa sekunde inatosha. Inachohitaji ni isichelewe.

Katika nchi hii ya Wagogo jambo hilo si geni. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humu, maelfu ya wapagazi, frasila mbili hivi kwa bega. Mzigo ulikuwa mkubwa, habari zilikuwa za miezi iliyopita. Zilipokuja reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, na waya wa simu, neno moja likaanza kuukuta mzigo njiani na kuupita. Na wale waliotumia intaneti ya setilaiti kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuwashwa Julai 2009 wanakumbuka ile nusu sekunde ya kimya kila unapomaliza kusema. Setilaiti ilikuwa kilomita 36,000 juu. Hata mwanga, kwa kasi yake yote, unachukua muda kwenda na kurudi mbali hivyo.

Mazungumzo yalirudi mahali mzee alipoyaacha, na hapa ndipo yalipochemka.

MZEE: Mimi nauliza la karani wa mizani. Nikienda kituo cha mafuta, pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Lita ni lita, Haneti na Dar es Salaam. Kwa nini spidi haina stika? Mtu aniahidi: hapa hutapata chini ya kiasi fulani.

FUNDI: Kwa sababu mafuta yako ndani ya tangi, mzee. Spidi haikai ndani ya tangi. Mnara ule una uwezo wake, tuseme ni mkate. Saa kumi na mbili asubuhi wanaoula ni watano. Saa mbili usiku wamerudi kutoka mashambani na masokoni, kila mmoja na simu yake, wanaoula ni mia tatu. Mkate ni uleule. Halafu umbali. Halafu vilima vya Chenene. Nyuma ya kilima mawimbi yanafika yamechoka. Halafu kuna mambo yasiyotuhusu hata sisi wa minara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania nzima mtandao ulizorota. Mnara wa Haneti ulikuwa mzima kabisa siku hiyo, betri zimejaa, redio zinafanya kazi. Ningeahidi nini? Ukinilazimisha niahidi kima cha chini, nitaahidi kidogo sana ili nisishtakiwe, na ahadi hiyo haitakusaidia. Ndiyo maana tunaandika "hadi".

DADA: Lakini kaka, "hadi" inamlinda anayeuza peke yake. Mimi nikiandika "fotokopi nzuri hadi kurasa kumi", mteja akapata mbili nzuri na nane zenye mistari, hatanielewa.

FUNDI: Dada, unazungumzia mashine iliyo mkononi mwako. Mimi nazungumzia hewa.

Hoja hiyo ya fundi ni nzito, na sitaki kuipita juu juu kwa kuwa tu namhurumia yule kijana. Redio hugawanywa. Anayeahidi kasi isiyobadilika kwenye mtandao wa simu anadanganya. Mchimbaji alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali, na mwalimu amenyamaza. Mzee akachukua fimbo yake, akachora mstari mfupi vumbini.

MZEE: Sawa. Spidi ni kama mvua. Nimekuelewa. Mvua haiahidiwi. Huku kwetu mwaka mzuri tunapata milimita 600 hivi, mwaka mwingine mtama unakauka ukiwa na maua. Hakuna aliyewahi kumdai mtu mvua. Lakini mwanangu, mvua inapimwa. Kuna kile chombo, maji yanaingia, mtu anasoma milimita, anaandika tarehe. Watu wa hali ya hewa wanatangaza. Hawakuahidi, ila wamepima, na wamesema wamepima wapi. Maana mvua ya Dodoma mjini haikuzi mtama wa Haneti. Sasa wewe usiniahidi. Nipimie. Hapa. Asubuhi na usiku. Uniandikie mahali ninapopaona kabla sijatoa hela yangu.

FUNDI: Vipimo vipo, mzee. Kampuni zinapima, TCRA nao wanapima ubora wa huduma.

MZEE: Vimebandikwa wapi hapa Haneti?

Fundi hakujibu. Na mimi nauchukua upande wa mzee, kwa sababu naona tumefikia mahali pake. Mei 2023, hapohapo Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa ajili ya kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi kubwa na vijiji vilivyokuwa vikipanda mlimani kutafuta mtandao vinaishukuru. Kwa miaka mingi tumehesabu minara, tumehesabu kata, tumehesabu laini zilizosajiliwa, na ilikuwa haki kuanza hapo, maana asiye na mnara hana cha kupima. Lakini kijana wa benchi hii anao mnara, anauona kutoka mlangoni. Anachotaka kujua ni kama faili lake litafika kabla dirisha la maombi halijafungwa, na jibu lake haliko kwenye idadi ya minara wala kwenye namba ya "hadi". Liko kwenye kipimo cha mahali hapa, cha saa hii, cha kupandisha na siyo kushusha, kilichoandikwa kwa namna ambayo hahitaji kuzidisha kwa nane.

DADA: Basi si tuandike?

Alitoa karatasi ya manila iliyobaki na kuibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Mwalimu akataka iandikwe megabiti, kisha kwenye mabano megabaiti, pamoja na kanuni ya kubadilisha. Dada akakataa. Akasema wateja wake hawaji kununua megabiti. Wana faili, na faili lina MB zake zimeandikwa pembeni. Waambiwe MB moja inachukua muda gani, basi. Megabiti 8 kwa 0.8. Sekunde 10. Akaandika kwa kalamu nene:

LEO ASUBUHI, KUPANDISHA: MB 1 = SEKUNDE 10.

"Andika na saa," mzee akasema. Akaandika saa aliyopima alipofungua duka: 2:30.

Mwalimu aliyatazama maandishi hayo kwa jicho la mtu anayesahihisha, akakiri kwamba hesabu ni ileile, imegeuzwa tu kichwa chini: badala ya kiasi kwa muda, muda kwa kiasi. Kijana akasoma kwa sauti, akapiga sita mara kumi, akacheka. Alikuwa na faili jingine la kupandisha, la picha, na safari hii hakutazama kiduara. Alitoka nje kwenda kununua karanga. Dada naye, kwa kujaribu, akalifungua upya lile faili la vyeti, akaona karatasi zimeskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, akazirudia kwa nukta 150. Nukta zikapungua nusu kwa urefu na nusu kwa upana, faili likabaki karibu na robo. Hilo angeweza kulifanya tangu mwanzo, alisema, ila hakuwa amewahi kuona gharama ya MB ikiwa imeandikwa ukutani kwa sekunde.

Jioni, jua likiwa limeshuka nyuma ya mibuyu na watu wamerudi, dada alipima tena. 0.2. Akakata ile 10 kwa mstari mmoja, akaandika 40 pembeni, na saa: 12:45. Fundi, aliyekuwa anafunga vifaa kwenye pikipiki yake, alirudi ndani. Aliisoma ile karatasi, tarakimu zote mbili na saa zote mbili, kisha akaipiga picha kwa simu ili aitume kwa wakubwa wake wa kazi. Picha ilikuwa na MB 3. Alisimama mlangoni akihesabu pamoja na ukuta, na ilipofika zilikuwa zimepita dakika mbili.